UZI: Kumbukumbu za rock na pop tunazisherehekea tarehe zisizo zake

Santuri Kuukuu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mwaka huu wa 2025 wapenzi wa muziki wa zamani tumekula keki hadi tumekinai. Live Aid, lile tamasha la kuchangia wenye njaa Ethiopia, ilitimiza miaka 40 tarehe 13 Julai. "Bohemian Rhapsody" ya Queen ikatimiza 50 tarehe 31 Oktoba. Hujakaa sawa, 8 Desemba hiyo inakuja, na kila ukurasa utajaa picha za John Lennon, miaka 45 tangu apigwe risasi mlangoni kwake New York. Redio zinazipenda kumbukumbu hizi, magazeti yanazipenda, na kampuni za santuri ndizo zinazipenda kupita wote, maana kila kumbukumbu inatoa boksi jipya lenye nyimbo zilezile kwa bei ya mbuzi wa Idi.

Mimi sina ugomvi na kukumbuka. Ugomvi wangu ni tarehe. Tumeshikilia siku ya kuzaliwa, siku ya kufa na siku santuri ilipowekwa dukani. Santuri inaweza kukaa dukani mwaka mzima inakusanya vumbi. Siku yenyewe hasa ni ile ambayo mtu mmoja ndani ya kibanda cha redio aliamua kuupiga wimbo, akaupiga tena, na simu zikaanza kulia. Natoa mifano, kisha mnishambulie.

Wapenzi wa Elvis Presley wanashika 5 Julai 1954. Usiku ule, studio ya Sun, Memphis, kijana wa miaka 19 alikuwa ameimba nyimbo za taratibu hadi kila mtu kachoka. Kwenye mapumziko akaanza utani na blues ya Arthur Crudup, "That's All Right". Bill Black akadaka besi, Scotty Moore akaingia na gitaa, Sam Phillips, mwenye studio, akachungulia mlangoni akawaambia waanze upya arekodi. Usiku mtamu, sikatai. Lakini usiku ule wanaoujua wimbo kwa sauti yake duniani walikuwa watu wanne. Siku chache baadaye mtangazaji Dewey Phillips (hana undugu na Sam) akauweka hewani kituo cha WHBQ, simu zikamiminika, akaurudia na kuurudia. Elvis mwenyewe alikuwa amekimbilia sinema kwa woga, ikabidi wazazi wakamtoe humo apelekwe redioni. Na muone ujanja wa Dewey: alimuuliza hewani amesoma shule gani. Elvis akajibu Humes. Memphis ya ubaguzi, jibu hilo lilitosha. Watu wakajua mwimbaji ni mzungu, maana wengi walishaamini ni mweusi.

Beatles nao: kila mtu anakutajia 9 Februari 1964, kipindi cha Ed Sullivan kwenye televisheni ya Marekani, watazamaji milioni 73. Swali langu ni dogo. Hao milioni 73 walijuaje kwamba kuna kitu cha kutazama? Rudi nyuma hadi 17 Desemba 1963. Binti wa miaka 15 alikuwa ameiandikia redio WWDC ya Washington akiuliza kwa nini muziki wa namna ile haupigwi Marekani. Mtangazaji Carroll James akaagiza "I Want to Hold Your Hand" kutoka Uingereza, ikaja mkononi mwa mhudumu wa ndege, na akamwita yule binti studioni autambulishe mwenyewe. Capitol, kampuni yao ya santuri kule Marekani, walikuwa wamepanga kuitoa 13 Januari. Wakamtishia James kwa wanasheria, wakaona haisaidii, wakaisogeza hadi 26 Desemba. Sasa piga hesabu: shule zimefungwa, watoto wako nyumbani, redio ziko mezani. Hapo ndipo Ed Sullivan alipopata watazamaji wake.

Sasa tuje kwa Queen. EMI, kampuni yao ya santuri, walisita kuutoa "Bohemian Rhapsody". Dakika 5 na sekunde 55, hauna kiitikio, katikati kuna opera, nani ataupiga? Nakala ikamfikia mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio, London, kwa sharti kwamba asiipige. Akaipiga, akisingizia kidole kimeteleza. Alianza na vipande, akamalizia na wimbo mzima, mara 14 ndani ya wikiendi moja. Jumatatu watu wako madukani wanaulizia santuri ambayo haijatoka.

Miaka 50 yenyewe ilikuwa ya wikiendi ile, na sijaona aliyekata hata kipande cha keki.

Karibuni.

Kigoda Cha Mbele

Nimeshakaa. Tiririka mkuu.

Fundi Mitambo

Mleta uzi, umeandika vizuri ila unawavisha watangazaji koti la watu wengine. Everett alipiga kitu kilichokwisha kutengenezwa. Kama tunatafuta tarehe ya "Bohemian Rhapsody", basi ni 24 Agosti 1975, siku walipoanza kuurekodi Rockfield, shambani kule Wales. Wiki tatu za kazi, na studio nyingine kadhaa juu yake.

Ngoja nieleze kwa wasiojua, maana vijana wa kompyuta hawaielewi jasho hii. Mashine ilikuwa na njia 24 tu za sauti. Ile kwaya kubwa ya opera mnayoisikia ni watu watatu: Freddie Mercury, Brian May na Roger Taylor. Wanaimba, njia zinajaa. Zikijaa, fundi anazichanganya zote na kuzishusha kwenye njia moja au mbili, zile nyingine zinabaki tupu, wanaanza kujaza upya. Inasemwa sauti zilizopandishwa hivyo zilifika 180. Sasa kila tepu inapopita kwenye kichwa cha mashine inasuguliwa, na ule unga wa chuma unaoshika sauti unabanduka kidogo kidogo. Prodyuza wao, Roy Thomas Baker, alisimulia kwamba waliinyanyua tepu kwenye mwanga wakaona upande wa pili. Mimi nimefanya kazi na tepu za namna hiyo. Kinachotangulia kufa ni sauti za juu: matoazi yanafifia, herufi "s" inapotea mdomoni mwa mwimbaji. Kwa hiyo walikuwa wanakimbizana na tepu inayokufa. Siku mbili za redio si kitu mbele ya hilo.

Na Baker amefariki Aprili mwaka huu huu wa 2025. Mlisikia redio ngapi zikimtaja?

Santuri Kuukuu

Fundi, Baker nilimlilia, na uliyoyaandika nayaheshimu. Lakini rafu za studio zimejaa tepu zilizotengenezwa kwa jasho hilohilo na hakuna aliyezisikia. Hoja yangu ni mlango uliotumika wimbo kuwafikia watu.

Na kwa Queen mlango haukuwa redio peke yake. 10 Novemba 1975 waliingia studio za Elstree, mwongozaji Bruce Gowers, wakapiga filamu ya wimbo ule kwa saa chache na pauni 4,500. Sababu haikuwa sanaa, jamani. Kipindi cha televisheni cha "Top of the Pops" kiliwataka waje kuimba, nao walikuwa wanaingia kwenye ziara, tena wanne mnasimamaje jukwaani kufumbua midomo kwenye wimbo wenye kwaya nzima? Wakapeleka filamu badala yao. Ikaonyeshwa 20 Novemba, mwisho wa mwezi wako namba moja, wakakaa wiki 9.

Mnajua nani aliwatoa? ABBA, na wimbo "Mamma Mia". Maneno hayohayo wanayoimba Queen kwenye kipande cha opera. Ukiandika hivyo kwenye tamthilia utaambiwa umezidisha chumvi.

Mwana MTV

Kwa hoja yako basi tarehe kubwa kuliko zote ni 1 Agosti 1981, MTV, televisheni ya video za muziki, ilipowashwa. Ongeza 16 Mei 1983, Marekani ilipomwona Michael Jackson akirudi nyuma kwa mwendo wa mwezini kwenye televisheni. "Thriller" ilitoka Novemba 1982, ila ule usiku ndio uliomaliza kazi.

Santuri Kuukuu

Umenielewa kuliko ninavyojielewa. Na angalia: onyesho lile lilirekodiwa 25 Machi. Aliyekuwa ukumbini aliliona zaidi ya wiki saba kabla ya dunia. Tunakumbuka Mei.

Mtu wa Shangani

Assalaam aleikum. Naona Freddie anatajwa kama mtu wa Wales.

Sisi Unguja tarehe zetu hazina redio. 5 Septemba 1946 alizaliwa hapa Farrokh Bulsara, ndiye Freddie, mtoto wa Bomi na Jer, Maparsi, baba akifanya kazi ya fedha kwenye mahakama ya serikali ya Mwingereza. Mtoto akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akajifunza piano huko, akarudi Unguja 1963 akiwa kijana. Januari 1964 Mapinduzi, na mwaka huohuo familia ikahamia Feltham, karibu na London. Angekuwa na miaka 17 tu. Mnaposherehekea miaka 50 ya wimbo, kumbukeni kwamba kutoka kuondoka hapa hadi wimbo ule ni miaka 11.

Tarehe nyingine ambayo wengi hapa hawaitaki: Septemba 2006. Angetimiza miaka 60, ikapangwa sherehe ufukweni. Uamsho, kikundi cha Kiislamu cha hapa, wakapinga kwa sababu ya maisha aliyoishi, wakasema inaharibu sura ya Zanzibar, sherehe ikafutwa. Novemba 2019, tarehe 24, siku ileile aliyofariki mwaka 1991, makumbusho yake yakafunguliwa hapa Mji Mkongwe. Miaka 13 katikati. Kuhusu maisha yake kila mtu ana dini yake na mimi sibishani, lakini mtaa umeshaamua kwamba wageni wanaokuja kumtafuta hawarudishwi.

Wifi wa Kisauni

Jamani, naingia kutoka Mombasa. Mtu wa Shangani, tarehe zako nazipokea, lakini kuna moja mmeikalia kimya nyote. Oktoba 1984. Queen walikwenda kuimba Sun City, Bophuthatswana, wakati Umoja wa Mataifa umeshawaomba wasanii waisusie Afrika Kusini ya makaburu. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kikawapiga faini, na majina yao yakaingia kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa. Haikupita hata mwaka, wako Wembley mbele ya watu 72,000 wanaimbia Waafrika wenye njaa, na hiyo ndiyo tarehe ya keki.

Sisemi hawakuimba vizuri. Waliimba. Nasema kalenda inachagua. 1985 hiyohiyo Steven Van Zandt alikusanya wasanii wakatoa wimbo "Sun City", wakaapa hawatakwenda kuimba kule. Nao umetimiza miaka 40 mwaka huu. Boksi lake liko wapi?

Santuri Kuukuu

Wifi, hilo la Sun City halina pa kulifichia. Wao walijitetea kwamba hawafanyi siasa na kwamba waliimbia watazamaji mchanganyiko. Utetezi haukuwafikisha mbali.

Ila ndiyo maana Live Aid yao ilikuwa na uzito. Walifika wakiwa kundi lililokuwa linaonekana limeshuka. Wengine wengi siku ile walikuja kama wanakwenda kwenye pikiniki. Queen wakafanya mazoezi ya maana, wakakata nyimbo zao ziingie kwenye muda. Jukwaani kulikuwa na taa kama za barabarani: nyekundu ikiwaka, muda wako umekwisha. Saa 12 na dakika 41 jioni Freddie akatokea anakimbia, akakaa kwenye piano, akaanza na kipande cha "Bohemian Rhapsody" tu, hata opera hawakuifikia. Kisha "Radio Ga Ga", uwanja mzima mikono juu, makofi mawili mawili. Halafu ule mchezo wa kuimba sauti na watu kuirudisha, hakuna ala, yeye na watu 72,000. Dakika 21 na wakateremka. Paul McCartney alipopanda usiku, kipaza sauti cha piano kilikufa na mwanzo wa "Let It Be" watu hawakumsikia. Siku ile mitambo ilikuwa na upendeleo.

Na ule wimbo wa makofi, "Radio Ga Ga", una neno redio kwenye jina, sijui niseme nini zaidi.

Wifi wa Kisauni

Umerudi kwenye redio yako, sawa. Ngoja nikupe tarehe ya sauti ambayo haikurushwa kabisa.

28 Januari 1985, studio ya A&M, Hollywood. Usiku wa "We Are the World". Wasanii zaidi ya 40, wametoka moja kwa moja kwenye sherehe za American Music Awards, Quincy Jones amebandika karatasi kwamba kila mtu aache majivuno mlangoni. Wimbo ni wa njaa ya Ethiopia. Katikati ya usiku Stevie Wonder anatoa wazo: tutie mstari wa Kiswahili. Kiswahili, wakuu! Mabishano yakaanza. Waylon Jennings, mwimbaji wa country, akaona haya makubwa, akaondoka. Mwisho akapatikana mtu wa kuwakumbusha kwamba Waethiopia hawazungumzi Kiswahili. Mstari ukatupwa.

Nacheka kila nikiikumbuka, lakini kuna kitu. Aliyelianzisha wazo la mkusanyiko ule ni Harry Belafonte. Mwaka 1965 Belafonte alikuwa ametoa albamu na Miriam Makeba, ambayo ndani yake wanaimba "Malaika" pamoja, Kiswahili kitupu, na ikashinda Grammy Machi 1966. Kwa hiyo Kiswahili kilishafika mahali penyewe miaka 20 kabla, kikiwa kimepigwa pasi. Usiku ule wa 1985 walikuwa wanakitafuta gizani na mwenye taa yuko mlemle ndani.

Albamu hiyo imetimiza miaka 60 mwaka huu. Nani ameona hata bango?

Kigoda Cha Mbele

Hii ya Stevie Wonder nilikuwa siijui. Nimehama kutoka kigoda kuja mkekani.

Mzee wa Kaseti

Vijana, niwape na la uzeeni.

Mleta uzi anasema tarehe ya wimbo ni siku uliporushwa. Kwa nani? 13 Julai 1985 wanasema watu zaidi ya bilioni moja walitazama. Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Zanzibar walikuwa nayo ya rangi tangu miaka ya sabini, sisi tulisubiri hadi 1994. Live Aid tuliijua kwa kaseti za video zilizonakiliwa kutoka nakala ya nakala, Freddie ana fulana nyeupe na uso hauonekani vizuri, picha inaruka, katikati mtu alikuwa amerekodi mpira juu yake. Ukiniuliza Live Aid ilikuwa lini, nitakwambia ni jioni ile kaseti ilipofika mtaani.

Na mkono wa kufungua ndio huohuo wa kufunga. Novemba 1969 soul, muziki wa Wamarekani weusi, ulipigwa marufuku Dar es Salaam, ukaambiwa unaharibu vijana na utamaduni. James Brown ndiye aliyekuwa kidole cha jicho. Yaani tarehe za muziki huo, kwa kijana wa Dar wa wakati ule, zina tundu katikati. Tulizipata kwa kujificha, kwa baharia, kwa ndugu aliyetoka Nairobi. "Bohemian Rhapsody" mimi nimeisikia mara ya kwanza miaka ya themanini, tena upande wa pili wa kaseti ya Boney M. Basi kwangu ina miaka 40 na kidogo, bado kijana.

Fundi Mitambo

Mzee umemaliza ubishi wangu na wa mleta uzi kwa pigo moja.

Santuri Kuukuu

Hajaumaliza, ameuongezea nguvu upande wangu! Tofauti ni kwamba mtangazaji wake ni baharia.

Ila swali lako, Mzee, la "kwa nani" ni zito. Kumbukumbu zote nilizoorodhesha zinahesabiwa kwa saa ya London na New York.

Wa Lubumbashi

Bonjour wakubwa. Hata zile zilizofanyika kwetu zinahesabiwa kwa saa yao. Septemba 1974, tarehe 22 hadi 24, Kinshasa, tamasha la Zaïre 74. James Brown mwenyewe, B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz na Fania All Stars, Miriam Makeba, na wa kwetu Franco na Tabu Ley. Lilipangwa liende pamoja na pambano la ngumi la Ali na Foreman, Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba, muziki ukaendelea bila ngumi. Mwaka jana pambano lilipotimiza miaka 50 dunia nzima iliandika. Tamasha lilitimiza 50 mwezi mmoja kabla, na tulioimba siku hiyo ni sisi kwa sisi, kwenye simu.

Wifi wa Kisauni

Ona sasa. James Brown anafukuzwa Dar 1969, anapokewa Kinshasa 1974. Hiyo peke yake ni uzi.

Santuri Kuukuu

Wa Lubumbashi, lete ulichonacho cha Franco na Tabu Ley siku ile, tufungulie uzi wake. Mimi kwa upande wangu nimeshaandika kwenye kalenda: Machi 2026, miaka 60 ya Grammy ya Belafonte na Makeba. Nitafungua uzi wa "Malaika" siku hiyo, na wenye santuri yenyewe waje na picha ya jalada.

Mzee wa Kaseti

Utaandika mtunzi nani, Fadhili William au Adam Salim? Maana ukifungua huo jiandae, hautafungwa hadi 2027.